Chipu ya Zamani na Chipu Mpya: Ipi Tuitie Katika Mizani?



Katika mkutano wetu uliopita palizuka mjadala ambao hatukuutazamia. Tulikusudia kuzungumza habari ya mizani ya kukagulia, ile ambayo mwanachama ataweza kupimia gunia lake mwenyewe kabla ya kulipeleka kituoni, na tulidhani maneno yatakuwa juu ya fedha tu. Badala yake nusu saa nzima ilipita watu wakibishana juu ya kidude kisichofika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kijana anayetusaidia kuunda mizani hiyo alileta bodi mbili mezani, moja yenye chipu ya zamani na moja yenye chipu mpya, akatuuliza twataka ipi. Wako waliosema mpya, kwa kuwa kitu kipya siku zote ni bora. Wako waliosema ya zamani imekwisha zoeleka, kwa nini kuongeza gharama? Ndipo mzee mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akauliza: "Katika hizo mbili, ipi ambayo mtu hawezi kuiingilia usiku akaifundisha uwongo?"

Pale pale hatukuwa na jibu. Tumekaa na kijana siku kadhaa, tumesoma vitabu vya maelezo vinavyotolewa na watengenezaji, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tutayaeleza kwa maneno ya kawaida. Mafundi wa redio walio miongoni mwetu watuwie radhi wakiona mengine ni mambo ya watoto.

Chipu ya namna hii huitwa mikrokontrola. Ni kompyuta nzima iliyokusanywa katika kipande kimoja: ina viini vya kufikiri, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi, na ina miguu inayotoka nje kwa ajili ya kusikiliza na kuamrisha. Kompyuta ya mezani hufanya mambo mia kwa siku. Hii hufundishwa jambo moja, ikalifanya usiku na mchana bila ya kuchoka: kupima joto, kufungua maji, kuhesabu watu mlangoni, kusoma uzito. Imo katika mashine za kufulia, katika magari, na katika vitu vingi vya watoto vya kuchezea. Zamani kuifundisha ilikuwa kazi ya wenye viwanda. Kisha zikatokea bodi zilizotengenezwa khasa kwa wapenzi wa ufundi, yaani watu wanaojitengenezea vitu nyumbani kwa raha zao. Iliyojulikana sana ni Arduino Uno, iliyotoka mwaka 2010. Chipu yake, ATmega328P, ilikwenda kwa kasi ya megahezi 16 na kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Mafundi wengi wa leo duniani walianzia hapo.

Hizi mbili tunazozizungumza ni za kampuni ya Raspberry Pi ya Cambridge, Uingereza, ambayo tangu mwaka 2012 imejulikana kwa kompyuta zake ndogo za bei rahisi. Mwezi wa Januari 2021 ilitoa chipu yake ya kwanza iliyoibuni yenyewe, RP2040, juu ya bodi iitwayo Pico, kwa bei ya dola 4. Mwezi wa Agosti 2024 ilitoa ya pili, RP2350, juu ya bodi ya Pico 2, kwa bei ya dola 5. Kwa hiyo tafauti ya bei ya kutangazwa ni dola moja, wala si jambo la kutugombanisha. Nauli na ushuru vyaongeza zaidi ya hapo.

Majina haya yaonekana kama namba za magari, lakini yana maana, na maana yake yatusaidia. RP ni herufi za kampuni. Tarakimu ya kwanza, 2, ni idadi ya viini vya kufikiri. Ya pili yaonyesha aina ya kiini: 0 katika ile ya zamani ni Cortex-M0+, na 3 katika ile mpya ni Cortex-M33, vyote vimebuniwa na kampuni ya Arm. Ya tatu yatokana na ukubwa wa kumbukumbu ya kazi, ambapo kila tarakimu inayoongezeka ni kama kuzidisha maradufu: 4 kwa ya zamani, 5 kwa mpya. Ya mwisho ni sifuri kwa zote mbili, na maana yake ni kwamba ndani ya chipu yenyewe hamna nafasi ya kuhifadhi programu. Programu hukaa katika chipu nyingine ndogo ya flashi iliyo pembeni yake juu ya bodi ile ile. Tunaomba msomaji aishike sifuri hiyo, kwani tutairudia.

Ukizilaza bodi mbili pamoja utadhani ni pacha. Zote zina upana wa milimita 21 na urefu wa milimita 51, zote zina miguu 40, na kila mguu umekaa mahali pale pale. Aliyekwisha tengeneza kisanduku cha Pico aweza kuitoa, akaitia Pico 2, na nyaya zisihamishwe. Programu ndiyo isiyohama hivi hivi: faili lililotayarishwa kwa chipu ya zamani halikubaliki katika mpya mpaka litayarishwe upya kwa ajili yake. Anayeandika kwa MicroPython hana taabu kubwa, kwa kuwa maandishi yake mwenyewe aghalabu hubaki yale yale. Atakachobadilisha ni ule msingi wa MicroPython unaotiwa kwanza.

Sasa tafauti zenyewe. Kumbukumbu ya kazi ni kama meza ya fundi: kila anachokishughulikia lazima kiwe juu yake. Ya zamani ina kilobaiti 264, mpya ina 520. Sanduku la kuwekea programu juu ya bodi, yaani ile flashi, lilikuwa megabaiti 2 katika Pico, na katika Pico 2 ni megabaiti 4. Kwa mizani yetu vyote hivi ni zaidi ya haja, lakini anayejifunza kwa MicroPython ataiona tafauti, maana MicroPython yenyewe hukalia sehemu ya meza kabla mtu hajaanza kazi yake.

Kuhusu kasi, ambayo ndiyo iliyozungumzwa zaidi mkutanoni, tungependa wanachama wasihadaike. Ya zamani ilitolewa kwa megahezi 133 na mpya kwa megahezi 150. Kisha mapema mwaka 2025 Raspberry Pi wenyewe wakaidhinisha RP2040 iendeshwe hadi megahezi 200, ikawa kwa hesabu ya karatasi mzee anamshinda kijana mbio! Lakini megahezi ni hesabu ya hatua, na hatua za watu hazilingani urefu. Kiini cha Cortex-M33 hufanya kazi kubwa zaidi kwa kila hatua. Khasa katika hesabu zenye desimali, kile cha zamani hakina kifaa cha kuzifanya, hulazimika kuzivunja vipande vipande kwa programu iliyoandikwa ndani yake, kama mtu anayezidisha kwa kujumlisha. Kipya kina kifaa maalumu cha kazi hiyo, pamoja na msaidizi mwingine wa desimali ndefu zaidi.

Je, mizani yahitaji hayo? Kijana wetu atumia kipimo cha uzito kilichounganishwa na chipu ndogo ya HX711, ambayo hutoa usomaji 10 au 80 kwa sekunde moja, kwa jinsi ilivyofungwa. Chipu inayopiga hatua milioni 133 kwa sekunde kungojea usomaji 10 ni sawa na kumwajiri mchukuzi wa bandarini abebe bahasha. Kwa upande wa kasi, basi, mizani haina haja ya mpya, na aliyesema mkutanoni kwamba ya zamani yatosha alisema kweli.

Kuna jambo jingine zuri katika zote mbili ambalo wapenzi wa ufundi hulisifu sana, nalo huitwa PIO. Ni vifaa vidogo vilivyo pembeni ya viini, ambavyo hufundishwa amri chache fupi na kuachiwa kusimamia miguu kwa kipimo sahihi cha wakati, huku kiini kikiendelea na shughuli nyingine. Ya zamani ina vifaa 8 vya namna hiyo, mpya ina 12. Kwa kutumia hivyo, watu wameifanya chipu ya dola moja itoe picha kwenye televisheni. Katika mpya wameiongezea njia maalumu ya kutolea ishara za picha kwa kasi, na bila shaka waliona wenyewe watu walivyohangaika.

Tusiache kutaja ajabu moja ya RP2350, ijapokuwa haihusu uzito wa karafuu. Ndani yake mna viini vinne, si viwili: viwili vya Arm, na viwili vya aina nyingine viitwavyo Hazard3, vya mpango wa RISC-V ambao hauna mwenyewe wa kutozwa ada. Hazard3 ilibuniwa na mhandisi wa kampuni hiyo, Luke Wren, kwa wakati wake wa mapumziko, akaitoa wazi kwa kila mtu. Vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja ni viwili tu, na mtumiaji huchagua chipu inapoamka. Mkumbuke viini hivi vya pili, kwa sababu vitatokea tena mahali pasipotarajiwa.

Chipu mpya haikuja bila ya dosari. Mara tu ilipotoka mwaka 2024, watu waliokuwa wakiitia katika vyombo vyao, miongoni mwao waundaji wa chombo cha majaribio kiitwacho Bus Pirate, waligundua kwamba miguu yake ina tabia mbaya. Tuieleze kwa mfano wa kitufe cha kurudisha mizani kwenye sifuri. Kitufe kikibonyezwa, umeme hupanda katika mguu wa chipu. Kikiachiwa, kazi ya kuuteremsha umeme huo ni ya rezista dhaifu iliyo ndani ya chipu yenyewe. Katika toleo la kwanza la RP2350 mguu huvujisha umeme kidogo kwa ndani, na ule uvujaji huwa na nguvu kuliko rezista. Basi umeme hushuka hadi kama volti 2.2 ukakwama hapo, na chipu hudhani kitufe bado kimebonyezwa. Dosari hiyo ilichapishwa na watengenezaji wenyewe katika kitabu chao cha maelezo, kwa namba RP2350-E9, pamoja na dawa yake: tia rezista ya nje isiyozidi kilo-omu 8.2. Mwezi wa Julai 2025 wakatangaza toleo liitwalo A4 ambalo dosari hiyo imeondolewa. Anayenunua leo na aulize ni toleo gani kabla ya kutoa fedha. Na mwenye toleo la kwanza hana haja ya kulitupa, maana kitufe kikifungwa kwa njia ya kinyume, yaani kikibonyezwa umeme ushuke na kikiachiwa upande, dosari haimgusi. Kijana wetu amekifunga hivyo tangu mwanzo.

Haki inatudai tuseme kuwa ya zamani nayo ilikuwa na aibu yake. Katika RP2040 kile kifaa cha kugeuza volti kuwa namba huruka mahali panne katika kipimo chake, na hilo pia limeandikwa katika kitabu, kwa namba E11. Katika mpya limerekebishwa. Mizani yetu haikitumii kifaa hicho, kwani HX711 ndiyo inayogeuza.

Sasa tulifikie swali la mzee.

Bodi ya Pico ina kitufe kimoja kidogo cheupe kiitwacho BOOTSEL. Mtu akikibonyeza huku akiiunganisha bodi na kompyuta kwa waya wa USB, bodi hujionyesha kwenye kompyuta kama sanduku la mafaili lenye jina RPI-RP2. Akiburuta faili la programu akaliweka humo, basi; programu ya zamani imekwenda na mpya imeingia. Hapaulizwi jina wala neno la siri. Aweza pia kuinakili programu iliyomo akaondoka nayo. Mtoto wa darasa la nne aweza kufanya hayo kwa dakika moja, na ndiyo sababu bodi hii imependwa mashuleni. Kwa kujifunzia hakuna kilicho bora. Ni kama ule ubao wa chuoni tuliokuwa tukiandika kwa wino wa mkaa: ukikosea wauosha, ukaandika tena, na mwalimu hakuulizi nani aliosha.

Lakini ubao unaooshwa na kila mtu haufai kuandikiwa deni. Mtu akiifungua mizani yenye RP2040 na kuandika programu inayopunguza kilo moja katika kila ishirini, kwa macho hakuna kitakachobadilika. Tarakimu zitang'ara vile vile, sifuri itasoma sifuri, na mkulima atalaumu jua kwamba limezikausha karafuu kupita kiasi. Chipu ya zamani haina kufuli. Si kwamba kufuli yake ni dhaifu. Hamna mahali pa kuifunga.

RP2350 inayo. Ndani yake mna sehemu ya kumbukumbu ya kilobaiti 8 ambayo huandikwa mara moja tu. Kila alama iliyo sifuri yaweza kufanywa moja, lakini ikishakuwa moja hairudi kuwa sifuri mpaka mwisho wa dunia yake. Si wino juu ya ubao tena, ni nakshi iliyochongwa juu ya mlango. Humo mwenye mizani aweza kuchonga alama ya ufunguo wake, kisha akachonga amri kwamba chipu isikubali programu yoyote isiyokuwa na muhuri wa ufunguo huo. Tangu siku hiyo, kila chipu inapoamka, jambo la kwanza ni kuukagua muhuri. Mtu akibonyeza BOOTSEL na kutia programu yake ya uwongo, chipu itaikataa.

Hapa ndipo irudipo ile sifuri tuliyosema ishikwe. Katika mpya pia programu hukaa nje, katika flashi iliyo pembeni. Mjanja aweza kuwaza: acha muhuri ukaguliwe, kisha ubadilishe flashi baada ya ukaguzi. Kwa hivyo mwenye hadhari huiagiza chipu iinakili programu yote mezani kwake kwanza, ndipo iukague muhuri na kuifanyia kazi hapo hapo, bila ya kurudi tena nje. Kwa njia hiyo zile kilobaiti 520 ambazo mizani haikuzihitaji kwa uzito yaweza kuzihitaji kwa amani. Sisi wenyewe tulikuwa tumezipuuza mpaka tulipofika hapa.

Je, kufuli hii yavunjika? Watengenezaji hawakungoja kuulizwa. Mwezi wa Agosti 2024, katika mkutano wa wavunja-kufuli za kompyuta uitwao DEF CON, mjini Las Vegas, Marekani, walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeweza kuitoa siri waliyoificha ndani ya RP2350. Hakutokea mshindi upesi, wakaongeza zawadi ikawa dola 20,000. Mwezi wa Januari 2025 walitangaza kwamba wanne wamefaulu, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja aliukata kwa kitambo kifupi mno umeme wa mguu unaolisha ile kumbukumbu ya nakshi, wakati ule ule chipu inapoamka. Chipu ikazisoma vibaya amri zake yenyewe, na vile viini vya Hazard3, vilivyokuwa vimefungwa visiamke kabisa, vikaamka na kumfungulia mlango wa nyuma. Mwingine alitumia mwanga wa leza uliolengwa mgongoni mwa chipu iliyochunwa. Wengine nao walikuwa na vyombo na maarifa yao. Toleo la A4 limeziba kadhaa ya njia hizo.

Wako watakaosema: kama wanne waliivunja, kufuli ina faida gani? Sisi twaona kinyume chake. Anayetaka kumwibia mkulima kilo moja ya karafuu hatakuja na leza. Kufuli ya nyumba haiwekwi kwa ajili ya mhunzi aliyeitengeneza, yawekwa kwa ajili ya mpita njia. Na zaidi ya hayo, kampuni iliyolipa watu waivunje kazi yake, kisha ikachapisha jinsi ilivyovunjwa, imetupa hakika kubwa kuliko ile inayoapa kwamba bidhaa yake haivunjiki.

Hata hivyo tusimdanganye mzee wetu. Kufuli hii yalinda programu iliyomo katika chipu, hailindi mizani. Mtu aweza kutia kokoto chini ya jukwaa. Aweza kuchezea nyaya za kipimo kabla hazijafika kwenye chipu. Na aweza kufanya jambo rahisi kuliko yote: kuing'oa bodi nzima na kutia nyingine ya dola 5 iliyokwisha fundishwa uwongo. Juu ya hili la mwisho chipu mpya yatusaidia kidogo, kwa kuwa kila RP2350 imechongwa namba yake ya pekee kiwandani, na aweza mtu kuichongea pia siri ya kujitambulisha, ili ikiulizwa ijibu jibu ambalo bodi nyingine haitaliweza. RP2040 yenyewe haina namba; huazima ile ya flashi iliyo pembeni. Lakini kwa kokoto na nyaya dawa ni zile zile za zamani: kisanduku kitiwe lakiri, na jiwe la uzito unaojulikana liwekwe juu ya mizani mbele ya watu kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza.

Kwa hiyo rai ya afisi ni hii. Mizani ya kukagulia ipewe RP2350 ya toleo A4, na ifungwe kwa muhuri. Bodi mbili za zamani tulizonazo zisiuzwe wala zisitupwe, wapewe vijana wa wanachama wanaotaka kujifunza. Kukosa kufuli ni kheri kwao, maana watakosea mara mia na kila mara wataosha ubao na kuanza upya. Kujifunzia katika chipu iliyofungwa kwa muhuri ni njia ya kuiharibu. Nakshi ikichongwa vibaya hakuna seremala wa kuirudisha.

Na hilo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, nasi twalileta kwenu kabla ya kuchonga chochote. Ufunguo wa muhuri ni faili, na faili lazima likae kwa mtu. Likipotea, mizani itaendelea kupima kwa programu iliyomo, lakini haitakubali tena kufundishwa lolote, hata kurekebishwa kosa. Likiibiwa, mwizi aweza kuutia muhuri uwongo wake na chipu ikaupokea kwa heshima zote. RP2350 ina nafasi za funguo nne, na ufunguo ulioharibika waweza kubatilishwa kwa kuchonga alama nyingine ya kuukataa. Lakini mfahamu vizuri: funguo nne hizo si kama lile sanduku la zamani lenye kufuli mbili, ambalo halikufunguka mpaka wenye funguo wawili wasimame pamoja. Kila ufunguo mmoja wafungua peke yake. Tukiwapa watu wanne, tumewaamini wanne, kila mmoja kwa nafsi yake.

Katibu hataki kuwa mmoja wao. Yeye ndiye anayeandika daftari la uzito, na haifai aliyeshika kalamu ashike na ufunguo. Kijana aliyeunda mizani naye amesema mwenyewe kwamba asipewe, ili siku yoyote ikitokea shaka asije akatazamwa kwa jicho la pembeni. Tumependeza na neno lake.

Mizani mbili za majaribio, moja kwa kila chipu, ziko afisini hadi siku ya mkutano, na kila Jumamosi asubuhi kijana huwapo. Mwanachama na aje na kitu anachokijua uzito wake. Ile yenye RP2040 ataruhusiwa kuibadilisha programu kwa mkono wake mwenyewe, aone ilivyo rahisi. Ile yenye RP2350 tumeifunga kwa ufunguo wa kujaribia tu, na atakayeweza kuitia programu yake bila ya leza atalipiwa chai na afisi. Mikono iwe mikavu tafadhali. Na majina ya watu mnaowapendekeza kushika funguo yaletwe kwa maandishi, katika bahasha iliyofungwa, kabla ya ajenda kuchapishwa.